Bibi Harusi na Sajini kwenye uwanja wa Kashojwa

Jumapili, Kashojwa. Jua la kutosha kukausha nguo, na upepo wa kutosha kuziangusha tena kwenye vumbi. Miguu inaniuma, mabega yananiuma, na bado tangu asubuhi natabasamu peke yangu hadi jirani ameniuliza kama nimepata mchumba. Kanisani sikusikia hata nusu ya mahubiri. Mwili ulikuwa kwenye benchi, akili ilikuwa kwenye mashine za kukata nyasi.

Mliozoea kunisoma hapa nikilalamikia baridi ya Mbarara na kuisifu kwaya yetu, nivumilieni. Leo ni nyasi tu.

Kwa asiyenijua: naitwa Nabintu, mzaliwa wa Kivu Kusini, mkaaji wa Kashojwa hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Siku za kazi nalala Mbarara, kwenye chumba kidogo chini ya kilima cha Kamukuzi, na wikiendi narudi nyumbani kwa mama. Kazi yangu ni kukata nyasi. Bosi wetu ni mwanajeshi mstaafu, sote tunamwita Afande, hata mke wake. Yeye ndiye mwenye kazi ya kutunza nyasi za ofisi kadhaa, hoteli moja ya mlimani, na uwanja mkubwa wa kambi ya jeshi.

Miaka yote ya kazi hii nimekata kwa mashine ya mgongoni, ile yenye mkono mrefu na kamba inayozunguka mwishoni. Unaibeba kama mtoto asiyetaka kulala. Inalia, inatetemeka, inakuchoma mgongo, na ukifika nyumbani kijiko cha uji bado kinacheza mkononi. Bega langu la kulia sasa linajua mvua itanyesha kabla ya redio kusema.

Halafu, mwezi huu, zikaja mashine mbili za kukalia.

Sijui niwaeleze vipi furaha ile. Hazina usukani. Mbele ya kifua chako kuna mikono miwili ya chuma, mmoja wa gurudumu la kulia na mwingine wa gurudumu la kushoto. Sukuma yote miwili, inakwenda. Vuta yote miwili, inarudi nyuma. Sukuma mmoja na uvute mwingine, inageuka palepale ilipo, bila kuzunguka popote. Mara ya kwanza niliivuta kwa nguvu mno, nikajikuta naangalia ukuta niliokuwa nimeupa mgongo. Tumwine alicheka mpaka akakaa chini.

Tumwine ni mwenzangu wa kazi. Baba yake ni mwanajeshi, na yeye amezaliwa na kukulia kambini, kwa hiyo akitembea unadhani kuna mtu anamhesabia hatua. Ni mtu mwema, ila usimwambie nimesema.

Shida ni hii. Muuzaji alizileta mashine zote mbili kwa majaribio tu. Afande atabaki na moja, nyingine itarudi ilikotoka. Mashine moja ni kiti kimoja. Siku ya kwanza kabisa Afande alitusimamisha mbele yake, mimi nikapewa ile nyeupe, Tumwine akapewa ile nyeusi, akatuambia: mashine itakayoshinda, dereva wake anabaki nayo. Yule mwingine anarudi kwenye ile ya mgongoni.

Nilikitaka kile kiti. Nakiri hapa waziwazi, nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote chenye magurudumu.

Ile nyeupe tuliipa jina Bibi Harusi. Ukiiona utajua kwa nini. Inang'aa, kiti chake kina springi na mahali pa kuegesha viwiko, na pembeni kuna kitundu cha kuwekea kikombe cha chai. Ukipita juu ya shimo, kiti kinashuka polepole na kukurudisha juu, kana kwamba kinaomba samahani. Ile nyeusi ni Sajini. Kiti chake ni plastiki ngumu yenye ngozi nyembamba juu. Sajini haombi samahani.

Wiki nzima nilikuwa nazichunguza, maana mtu hawezi kutetea kitu asichokijua. Chini ya kila mashine kuna chombo kikubwa cha chuma kilichogeuzwa mdomo chini, sisi tunakiita sufuria, na ndani yake ndimo visu vinamozunguka. Sufuria ya Bibi Harusi ni bati moja lililokandamizwa kiwandani mpaka likapata umbo. Haina kona, nyasi zinazunguka humo na kutoka bila kukwama, na kwa kuwa ni nyepesi mashine haichoki. Sufuria ya Sajini ni mabamba manene yaliyochomelewa pamoja, kona zote unaziona, na kwenye mdomo wameongeza bamba la pili juu ya la kwanza. Gonga ya Bibi Harusi kwa kidole, inalia. Gonga ya Sajini, utalia wewe.

Beringi za visu vya Bibi Harusi zimefungiwa ndani moja kwa moja. Huweki grisi, hulali chini yake, na mimi nililisifu sana jambo hilo mbele ya Afande. Sikumalizia kwamba zikifa hufungui kitu, unanunua kipande kizima. Sajini kila asubuhi anataka grisi yake, na Tumwine analala chini yake kwenye umande akinung'unika. Kubadilisha mkanda wa Sajini unainua kibati cha kukanyagia tu, mkanda huo hapo unakutazama. Wa Bibi Harusi unafungua bolti hapa, bolti pale, kifuniko, kifuniko kingine, mpaka unasahau ulikuwa unatafuta nini. Chujio la hewa la Sajini ni kopo kubwa lililowekwa juu, mbali na vumbi. La Bibi Harusi limelala bapa chini ya kifuniko kizuri.

Mnaona nilivyoanza kuwa na wasiwasi.

Kwenye nyasi za hoteli lakini, Bibi Harusi alikuwa malkia. Aliacha mistari iliyonyooka mpaka wageni wakapiga picha. Sajini alikata vizuri tu, ila akapita kwa kelele na uzito, na hakuna aliyempiga picha. Afande alitazama, akakuna kidevu. "Hapa ni kapeti," akasema. "Kapeti haiwezi onyesha mashini. Mimi nataka fasi mbaya."

Fasi mbaya, mahali pabaya! Mdomo wangu ukaruka kabla yangu. Nikamwambia nyumbani kwetu Kashojwa kuna uwanja wa wazi karibu na kanisa, wiki ijayo kwaya zote zinakutana pale, nyasi zimefika magotini, kuna mawe, kuna vichuguu, kuna miiba. Kama mashine itatoka pale ikiwa nzima, itatoka popote. Afande alifurahi sana. Akasema atazileta zote mbili kwa lori lake Jumamosi, na nyasi za kanisa zitakatwa bure.

Sababu yangu ya kweli mnaijua. Nilitaka mama yangu anione nimekaa.

Nilituma habari mbele kwa Mama Riziki, kiongozi wa akina mama wa kanisa. Nikamwomba mambo mawili: watoto wawekwe mbali kabisa, kwa sababu visu vinarusha mawe, na vigingi vyote vya mbuzi viondolewe uwanjani. Uwanja ule ndio malisho ya mbuzi wa kijiji kizima, na kila mmoja ana kigingi chake. Mama Riziki akajibu kwamba nisijali, watapokea mgeni vizuri.

Ningepaswa kuuliza mgeni ni nani.

Jumamosi asubuhi lori likafika na sisi nyuma yake. Watu wamejaa pembezoni mwa uwanja, wengine wametoka kijiji cha Misiera na kufunga maduka yao, mashemasi wamevuta kamba ndefu ya manila na watoto wote wako nyuma yake. Jambo la kwanza limetekelezwa vizuri ajabu. Nikashuka, nikakanyaga uwanja, na kiatu kikatoa sauti ya kunyonya.

Uwanja ulikuwa umelowa. Si wote, ila njia ya kuingilia yote, na katikati pote pale kwaya zitakaposimama.

Akina mama walikuwa wamefagia, halafu wakamwagilia. Walianza Ijumaa mchana, dumu baada ya dumu, kutoka kwenye bomba ambalo sote tunajua foleni yake ilivyo. Kisha mvua ndogo ikaja usiku kumalizia walipoachia. Mama Riziki alisimama pale na kitenge chake cha Jumapili siku ya Jumamosi, amechoka, anang'aa kwa furaha.

"Nani alileta maji hapa?" Afande aliuliza. "Hii ni uwanja ama ni kinamasi?"

"Ni siye, Papa," Mama Riziki akamjibu bila woga wowote. "Mugeni akikuya, unafagia, unamwanga mayi, vumbi inalala. Mashini yenu iko mugeni. Tungemuacha aingie mu vumbi?"

Afande alinitazama mimi. Mimi nilitazama viatu vyangu. Ni kweli, kwetu hakuna mgeni wa heshima anayepokelewa na vumbi. Mama yangu mwenyewe hunyunyizia ua kabla ya mchungaji kuja. Kama ningekuwa kijijini siku hiyo, huenda ningebeba dumu pamoja nao. Nilifikiria yale maji, watu wanaopika kwa kubana kila kikombe wakayamwaga kwa ajili ya mashine ninayoiendesha mimi. Nilimkumbatia Mama Riziki, nikamwambia aksanti.

"Kale, haya," Afande akasema. "Vita haichagui hali ya hewa. Panda."

Tukapanda. Nikasukuma mikono miwili, Bibi Harusi akaondoka, na vigelegele vilivyopanda pale sijavisikia hata kwenye harusi ya kweli. Nilimwona mama yangu. Alikuwa ameshika mashavu yake kwa mikono miwili. Nilinyoosha mgongo, nikaweka viwiko mahali pake, nikapita mbele yake taratibu kuliko ilivyohitajika.

Mwisho wa mstari nikageuka palepale, kwa mbwembwe. Hapo ndipo nilipokumbuka udongo mbichi unavyofanya. Gurudumu moja likarudi nyuma, lingine likaenda mbele, na yote mawili yakachuna nyasi na mizizi yake. Nilipoondoka, nikaacha nyuma yangu kipara cha mviringo, kizuri kabisa, kana kwamba mtu amekandika chapati kubwa ya tope. Watu wakashangilia zaidi. Walidhani ndiyo kazi yenyewe.

Kwa Tumwine mambo yalikuwa mabaya zaidi. Sajini ni mzito, vipara vyake vilikuwa vikubwa kuliko vyangu, na nyasi mbichi zilijazana kwenye zile kona za sufuria mpaka akawa anatema madonge badala ya kukata. Kila baada ya muda Tumwine anazima, anashuka, anachokonoa kwa kijiti. Mimi napita. Sufuria ya Bibi Harusi haina kona, nyasi zililowa lakini zikaruka nje kama kawaida. Nilimpungia mkono nikipita. Mara ya pili nilimpungia kwa vidole tu. Mnisamehe, nilikuwa nashinda.

Yale maji yaliyonitia aibu ndiyo yaliyokuwa yananipa kiti. Moyoni nikaanza kuchagua kikombe cha kuweka kwenye kile kitundu.

Kisha nikafika katikati.

Nilisikia mlio mmoja, kang, halafu mashine nzima ikaanza kutetemeka mpaka meno yangu yakagongana. Nikazima kila kitu. Tulipoinua Bibi Harusi upande mmoja, tukaona. Kisu cha katikati kimepinda. Mdomo wa sufuria umekunjika na kupasuka, ufa unaingia kidole. Na chuma kinachoshika kile kisu kinacheza ukikitikisa kwa mkono, maana beringi yake imekwisha, ile beringi isiyotaka grisi, ile niliyoisifu.

Kwenye udongo kulikuwa na kichwa cha nondo kinachong'aa.

"Mama Riziki," nikamwita, "niliomba vigingi vitolewe."

"Tulibitoa byote," akasema. "Ila ibi bya mbuzi bangu biko bya nondo, bilikatala kutoka. Basi tukabipiga na nyundo mpaka bikalala mu udongo. Tuliona habitamusumbua mugeni."

Na kweli, kwa udongo mkavu visingemsumbua. Visu vingepita juu yake bila kugusa. Ila udongo ulikuwa umenyweshwa maji, magurudumu yakazama, sufuria ikashuka nayo, na kigingi kilichobaki pale pale kikapata kisu. Kila kitu kilifanywa kwa upendo, na kila kitu kilishirikiana kuvunja mashine yangu. Sikuweza hata kukasirika. Nilianza kucheka, Mama Riziki akaanza kucheka kwa kuwa nacheka, na Afande alikuwa anatutazama kama watu waliopigwa na jua.

Afande hakucheka. Alimwambia Tumwine amalizie katikati na Sajini.

Vigingi vya mbuzi wa Mama Riziki vilikuwa katika mstari. Sote tuliokuwa pale tulilijua hilo, isipokuwa hatukujua vimebaki vingapi. Tumwine akaingia. Kang. Watu wakaguna. Sajini akaruka kidogo, akaendelea. Kang tena. Akaendelea, sasa na mlio kidogo, mpaka akamaliza. Tulipomwinua, visu vilikuwa vimemeguka pembe, kitu cha kunoa au kubadilisha. Sufuria ilikuwa na mkwaruzo mweupe kwenye lile bamba la pili. Vyuma vya visu, nilivishika mwenyewe na kuvitikisa kwa nguvu zangu zote, nikitumaini. Havikucheza.

Basi.

Akina mama walituandalia bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa ziwani, wageni watatu na mashine mbili. Tulikaa kivulini kwenye ukuta wa kanisa, na Afande akanawa mikono taratibu sana. Kisha akasema hataki kusikia mashine ipi imevunjika, macho anayo. Anataka kusikia kila mmoja wetu, angenunua ipi kama mfuko ungekuwa wake. Akaanza na mimi.

Nilikuwa na maneno. Wallahi nilikuwa nayo mengi, hata kama mimi si mtu wa kuapa. Ningesema ni bahati mbaya, hakuna nondo Mbarara, hoteli haina mbuzi. Ningesema nyasi zikilowa nani alikata na nani alichokonoa kwa kijiti, na lilikuwa la kweli hilo. Kule uwanjani mama yangu alikuwa bado anawaonyesha wenzake kwa mikono jinsi nilivyogeuka. Bega langu likaniuma hapohapo, kana kwamba nalo limeulizwa.

Nikafikiria uwanja wa kambi ya jeshi. Una maganda ya risasi za zamani, vipande vya waya, mawe yanayopanda juu kila mvua. Bibi Harusi angekaa pale muda gani kabla ya kusimama katikati ya kazi, na sisi sote tusimame naye?

"Sajini," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia. "Afande, ningenunua Sajini."

Afande akaitikia kwa kichwa, akamgeukia Tumwine. Nikajiandaa kumwona akijaribu kuficha meno. Lakini Tumwine alikuwa anazungusha tonge la bugali mkononi bila kulitupa mdomoni.

"Afande, Sajini ni nguvu, mimi siwezi kudanganya," alisema. "Lakini hiyo kiti, banange. Mugongo yangu imekwisha. Juzi niliweka sweta chini, jana niliweka masweta mbili. Mutu moja hawezi kaa hapo siku muzima. Hawezi."

Wiki nzima nilimwona akitembea amekakamaa kuliko kawaida, nikadhani ni ile kambi. Kumbe alikuwa anaumwa.

Afande alicheka kwa dharau. Akasema vijana wa siku hizi wameumbwa kwa uji, yeye amekalia vyuma vya lori kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Akainuka, akafuta mikono, akapanda Sajini mwenyewe. Akina mama wakapiga vigelegele. Alizunguka uwanja mara moja, akapitia kule kwenye vichuguu kwa makusudi ili tumwone. Tulimwona. Kichwa chake kilikuwa kinapanda na kushuka kama mtu anayekubali kila kitu.

Aliporudi hakushuka mara moja. Alikaa kidogo, mikono juu ya magoti. Kisha akashuka kwa mguu mmoja, akangoja, akashusha wa pili. Mama Riziki akamsogezea kiti, naye akakataa kukaa.

"Hii si kiti," alisema hatimaye. "Hii ni lindo. Na lindo iko na zamu. Tumwine asubuhi. Nabintu mchana. Ile ya mugongoni pia zamu. Nimemaliza."

Ndivyo nilivyopata nusu ya kiti.

Nimeliwaza hilo tangu jana na bado linanichekesha. Bibi Harusi, kwa ulaini wake wote, alikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Mtu angekaa pale mchana kutwa na chai yake, na mwenzake angebeba mashine ya mgongoni mpaka mwisho. Sajini, kwa kuwa hakuna anayemvumilia siku nzima, anatuhitaji wote wawili. Aliyemtengeneza hakufikiria hilo, nadhani, alikuwa tu anabana gharama za springi.

Tulipompakia Bibi Harusi kwenye lori, tairi lake la mbele lilikuwa limelala. Mwiba. Matairi ya mbele ya Sajini ni mpira mtupu, hayana upepo wa kutoka. Nilimpapasa Bibi Harusi kwenye kiti chake chema, nikamuaga. Muuzaji alikuwa ametuambia tumjaribu kama wetu, na Afande amesema ataeleza ukweli wote kwa simu, na mbuzi pia atawataja.

Na ule uwanja? Nilikwenda kumwomba mchungaji msamaha kwa vile vipara. Akaniambia nisiviguse. Viongozi wa kwaya walishapita kabla yangu, kila kwaya imechagua kipara chake cha kusimamia, na mbili tayari zinagombania kile kikubwa zaidi. Nimemweleza Mama Riziki asivimwagilie. Amesema atafikiria.

Leo baada ya ibada aliniita nyumbani kwake. Alikuwa na kitu amekifunga kwenye kanga kuukuu. Ni mto, mnene, ameushona kwa kipande cha kile kitenge chake cha Jumapili, na kamba nne za kufungia kwenye kiti. Aliniambia amesikia kwamba mgeni ana kiti kibaya, na kwamba yeye ndiye aliyemfukuza yule mwenye kiti kizuri, hivyo ni deni lake. Nimeuweka kitandani hapa karibu yangu ninapoandika. Nimeshaukalia mara kadhaa. Ni laini kupita springi zote za Bibi Harusi.

Kesho tunaanza na uwanja wa kambi. Zamu yangu ni mchana, baada ya Tumwine kutoka.

Mto nitaupeleka asubuhi.